Mahali Pasipopigwa Hodi

Kambu,
Jumatano, 9 Februari 1994

Kwa shemeji yangu Muktar Bulle, Kabati.

Pokea salamu zangu na za wote wanaokula hapa hotelini kwangu. Tuko wazima. Mvua imetudanganya tena, mbaazi zimekauka zikiwa na maua. Sasa nimemaliza salamu, niache nikasirike.

Lori lako limeshtakiwa. Jana asubuhi nilikuwa nakanda unga wa chapati, nikaona polisi ameingia uwanjani, analizunguka lori lako polepole, anapiga magurudumu teke. Ni Koplo Mutunga, yule mpya, mtu wa Kasikeu. Nikadhani anatafuta mahali pa kujisaidia. Kumbe anaandika! Akabandika karatasi kwenye kioo cha mbele.

Nikamfuata na mikono yangu yenye unga.

"Mama, hii lori ni ya nani?"

"Ni ya Muktar wa Kabati. Imekufa giaboksi tangu kabla ya Krismasi, inangoja spea."

"Bima imeisha. Na laiseni ya barabara pia imeisha."

"Sasa maiti unaikatia bima ya nini? Hii haitembei!"

"Gari ikiwa barabarani lazima iwe na bima, mama. Itembee, isitembee."

"Barabara ndiyo ile kule yenye lami. Hapa ni kwangu. Wewe umeona wapi barabara iko na kuku?"

Hakukasirika, hilo nitamsifu. Akavua kofia, akaniambia pole pole kama mtu anayemfundisha mtoto katekisimu, kwamba mahali ambapo watu wote wanaingia na magari yao bila kuzuiwa, sheria inapahesabu kuwa barabara, hata kama ploti ni ya mtu. Nikamwambia ploti hii ni ya marehemu mume wangu Mwangangi na sasa ni yangu, na ua wa mkonge unaonyesha mpaka uko wapi. Akasema, "Lakini huku mbele hakuna ua, mama. Hakuna hata kamba."

Shemeji, mimi si mtu wa kesi. Lakini hebu fikiria. Akishinda hili la lori lako, kila gari litakalopumzika hapa atalikuta na kosa. Leo bima, kesho taa iliyovunjika, kesho kutwa gurudumu lililokwisha. Madereva si wajinga, watapita moja kwa moja. Uwanja aliouacha Mwangangi utabaki wa kuku, na mimi nitabaki kuwapikia hao kuku.

Kwa hivyo tunakwenda kortini, na utakuja. Tangu tumzike mwenzako hujakanyaga hapa. Kila mwaka ni kesho, ni kesho. Hata kama duka lako limekupendeza namna gani, njoo.

Shemeji yako mwenye hasira,
Ndinda wa Mwangangi


Kabati,
24 Februari 1994

Kwa shemeji Ndinda, mke wa rafiki yangu.

Assalaam aleikum. Najua utanijibu kwa jina la Yesu, na zote zitafika.

Mwandiko huu mzuri usikudanganye. Ni wa binti yangu Falis; mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu umeanza kutetemeka na kalamu haina subira na wazee. Kuhusu kuja, nisamehe. Huu ni mwezi wa kufunga, na baada ya hapo kuna mbuzi wa kupeleka Mombasa na duka halina mtu. Keinan ndiye dereva wa lori lile, na jina lake ndilo lililoandikwa. Atasimama kortini kwa niaba yangu. Wewe utakuwa shahidi.

Lakini barua yako imenirudisha mbali. Unaukumbuka mwaka wa mvua kubwa, sitini na nane? Ulikuwa bibi arusi, ulikuwa unajificha jikoni nikipita. Nilitoka Garissa na mbuzi, barabara ikageuka uji. Nilikwama hapo mbele yenu, gurudumu la nyuma lote chini. Mbuzi wanalia, mimi nakaribia kulia. Akatoka kijana mrefu na panga. Hatukuwa tunajuana. Hakuniuliza mimi ni nani, naenda wapi, wala kabila gani, na unajua miaka ile Msomali njiani aliulizwa mengi. Akaanza kukata ua wake mwenyewe. Alikata mkonge wote wa upande wa mbele, akautandaza chini ya magurudumu, lori likapanda juu yake likaingia uwanjani kwenu na kutulia.

Kulipokucha nikamwambia, "Ngoja nikusaidie kupanda ua mwingine." Akasema, "Wacha. Kesho atakwama mwingine."

Ndivyo uwanja ulivyoanza, shemeji. Na kwa kuwa leo tumefunga, acha niseme na lingine. Kila Ramadhani niliyopita hapo, Mwangangi alikuwa akichukua sahani yake ya muthokoi anaingia nayo ndani, anafunga mlango, anakula gizani, ili sisi tuliokaa nje tusisikie harufu. Mzee wa kanisa! Wewe ulimcheka, ukamwambia anakula kama mwizi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia kijiko chake kule ndani na nikampenda kuliko ndugu zangu wengine.

Sasa sikiliza kwa makini. Nimemuuliza mtu anayejua mambo ya korti. Kesi yote ni neno moja tu: je, watu wanaingia hapo wanavyotaka, au kwa ruhusa yako? Wakikuuliza, sema hivi: "Ni ploti yangu, haingii mtu bila ruhusa yangu." Basi. Usiongeze hata chumvi. Nakujua.

Wako katika udugu,
Muktar Bulle


Kambu,
Jumatatu, 18 Aprili 1994

Kwa shemeji Muktar.

Tumeshindwa. Usimtafute wakili wala shetani, aliyetushinda ni mdomo wangu.

Njia nzima nilikuwa narudia yale maneno yako. Ni ploti yangu, haingii mtu bila ruhusa yangu. Mpaka kondakta akaniuliza, "Mama, unaomba?"

Hakimu ni binti mdogo mwenye miwani, si wa kwetu. Nilichagua kusema Kikamba ili nisijikwae, na karani wa korti, ambaye ni Mkamba, akawa anatafsiri. Inspekta wa mashtaka akaanza vizuri, mtu wa heshima.

"Mama, hiyo ploti ni yako?"

"Ni yangu, na karatasi zake ninazo."

"Mtu anaweza kuingia hapo bila ruhusa yako?"

"Haingii mtu bila ruhusa yangu," nikasema. Keinan akanitazama kule kizimbani akatikisa kichwa kwa furaha. Ningeshuka hapo, shemeji, sasa hivi tungekuwa tunachinja.

Lakini yule inspekta akatabasamu. "Kwa hivyo dereva akitoka Mombasa, amechoka, aingie hapo bila kukuuliza, wewe unamfukuza?"

Nikasikia damu imepanda kichwani. Mimi nimfukuze mgeni? Mbele ya watu, na wengine wananijua, wamekula kwangu? Na Mwangangi huko aliko ananisikia?

"Nimfukuze nimekuwa nani?" nikamwambia. "Kwani mimi ni mchawi? Pale ni thome!"

Hakimu akauliza thome ni kitu gani. Karani, Mungu ambariki na amlaani, akajua kueleza. Akasema kwa Wakamba thome ni pale mbele ya boma ambapo mwenye nyumba huwasha moto na kuketi na watu. Mgeni akifika anakaa tu. Hodi hupigwa mlangoni mwa nyumba, lakini kwenye thome hakuna anayepiga hodi.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Kwa hivyo hata mimi naweza kuingia, bila kumuuliza mtu?"

"Hata wewe, mwanangu. Na utapewa chai."

Korti nzima ikacheka. Hakimu mwenyewe alicheka kidogo. Halafu akachukua kalamu, akaandika kwa muda mrefu sana, na nikamwona Keinan amejishika uso. Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Amesema shahidi wa mshtakiwa mwenyewe ameionyesha korti kwamba umma unaingia pale bila kizuizi chochote, kwa hivyo polisi alikuwa na mamlaka ya kuandika tikiti ile. Faini, na lori liondolewe.

Nje Koplo Mutunga akanifuata. Nilitaka kumtukana lakini akaja na ile kofia mkononi. "Mama, weka geti. Geti ikifungwa hapo ni kwako, siwezi kuingia kuandika gari imeegeshwa tu. Lakini ikiwa wazi, mimi nitafanya nini? Nikiacha, mkubwa wangu ataniuliza mimi."

Nikamwambia kama ni barabara, basi serikali ije ifagie mavi ya mbuzi.

Sasa wote wanaimba wimbo mmoja. Mchungaji, geti. Binti yangu Mbinya kule Nairobi, geti. Hata wazee wale waliokuwa wakininung'unikia kwamba mwanamke hana thome, kwamba Mwangangi amekufa na moto wake uzimwe, leo wanasema geti. Shemeji, mimi geti siweki. Mwangangi akiwa hospitalini alinishika mkono akaniambia, "Moto wa nje usizimike." Hakuniambia habari za shamba, wala za ng'ombe. Ni huo moto tu. Nitaanzaje kuufungia ndani?

Nisamehe kwa faini.
Ndinda


Kabati,
10 Mei 1994

Kwa shemeji Ndinda.

Nilimwambia Falis asome barua yako mara ya pili, na mara ya tatu nikamwambia asome pale pa chai tu. Nimecheka mpaka wateja wakaingia kuona kuna nini. Hata wewe mwanangu, na utapewa chai! Faini imelipwa na imeisha. Keinan alilivuta lori mpaka Kibwezi na fundi amelinunua kwa spea zake. Limekufa likiwa limeheshimiwa, lilifikishwa mbele ya hakimu.

Nilikuambia useme uongo mdogo, na nilipousikia ukweli wako niliona aibu kidogo, halafu nikafurahi. Ungesema nilivyokufundisha, tungeshinda, na ningekuwa nimekushindia uwanja usiokuwa ule.

Sina haki ya kukuambia la kufanya. Uwanja ni wako, na mimi ni mtu niliyekwama tu. Lakini kama inawezekana, shemeji, usiweke geti mpaka nije. Nataka kuingia pale mara moja tena vile nilivyokuwa nikiingia. Unatoka kwenye lami, unakata kona, uko nyumbani. Nimelala katika nyumba nyingi njiani, Mungu awalipe wenyewe, lakini kote huko nililala kama mgeni. Kwenu tu ndiko nilikovua viatu bila kufikiria.

Falis ananitazama anavyonitazama mama yake nikiongea sana. Nimalize.

Muktar Bulle


Kambu,
3 Septemba 1994

Kwa shemeji Muktar.

Jibu langu limechelewa, niwie radhi, ni mavuno. Maharagwe si mabaya. Kanisa linaezekwa upya, na mimi nimewekwa kuwa mpishi wa mafundi kana kwamba sina hoteli. Mbinya amepata mtoto wa pili, msichana, ameitwa Ndinda, kwa hivyo sasa tuko wawili na dunia ijiandae.

Uwanja uko vilevile. Njoo wakati wowote.

Ndinda


Kambu,
3 Septemba 1994

Falis mwanangu.

Barua hii usimsomee baba yako. Ile nyingine msomee, hii ifiche.

Nimemdanganya. Uwanja hauko vilevile. Geti lipo tangu Julai, la chuma, lenye mnyororo na kufuli, na kibao kimeandikwa mali ya mtu binafsi. Nilishikilia kadiri nilivyoweza. Lakini baada ya kesi Koplo alikuja kila wiki, na kila wiki alipata gari la kuandika, na kila dereva aliyeandikiwa hakurudi. Kufikia Juni nilikuwa nawasha moto nje jioni nakaa nao peke yangu. Mwanangu, unajua thome isiyo na watu ni nini? Ni mwanamke mzee anayechoma kuni za bure.

Keinan ndiye aliyenivunja. Alisimama barabarani bila kuingia, akaniletea salamu zenu dirishani, injini inanguruma. Amekulia kwangu, alikuja hapa akiwa turnboi wa lori hana hata ndevu, na sasa anaogopa kuingia! Akaniambia, "Mama, sisi tunataka kulala. Funga tu, sisi tutapiga honi." Kesho yake nikamwita fundi.

Na wamerudi, siwezi kusema hawajarudi. Wanapiga honi, natoka na funguo, nafungua, wanaingia, nafunga. Koplo akipita anasimama nje ananiamkia kwa heshima, haingii. Sheria ni sheria kweli. Kila mtu ameridhika. Mimi nikizungusha ile funguo naona haya. Mtu usiyemjua akisimama pale nje ananitazama mimi kwanza, anapima uso wangu kama nitamkubali. Zamani hakuna aliyekuwa akiutazama uso wangu, walikuwa wanaangalia sufuria tu.

Sitaki baba yako aje alione geti. Si kwa sababu ataniudhi. Ni kwa sababu aliniomba jambo moja tu katika miaka yote hii. Tafadhali, siku akiamua kuja, niandikie mapema. Nitaling'oa.

Mama yako wa Kambu,
Ndinda


Kabati,
14 Novemba 1994

Shikamoo mama.

Barua yako niliificha ndani ya gunia la sukari na hakuna aliyeiona. Nimeguswa sana na hilo unalotaka kufanya.

Baba amesema tutakuja Jumamosi ya tarehe tatu Desemba. Tutatumia pikapu, Keinan ataendesha na mimi nitafuatana nao. Baba hatakaa muda mrefu, tutarudi siku hiyohiyo. Mama yangu Qamar anakutumia ubani na kitambaa.

Kuna jambo upande wetu ambalo baba ameniapisha nisikuandikie. Usihofu, si kifo. Utaliona mwenyewe. Nakuomba ukiliona usilie mbele yake, kwa sababu hilo ndilo analoliogopa.

Binti yako,
Falis Muktar


Kambu,
6 Desemba 1994

Falis mwanangu.

Sikulia mbele yake. Nimelia tangu mlipoondoka, kwa hivyo wino ukitapakaa usishangae.

Ijumaa fundi alikuja na wanaume wengine wakaling'oa geti kutoka kwenye bawaba, likapelekwa nyuma ya jiko. Mnyororo nikauficha chini ya kitanda changu. Kibao kikafunikwa na gunia. Nguzo sikuweza kuzifanya lolote, nikaanika juu yake nguo zangu za kanisani zionekane ni kamba ya nguo. Asubuhi nikafagia mpaka barabarani. Nikawasha moto ingawa jua lilikuwa kali.

Nikawaona mnakata kona. Mkaingia vizuri, bila kusita, na mimi nimesimama hapo najisifu moyoni. Kisha baba yako akashuka. Nikamwambia, "Shemeji, karibu, uwanja wako huu, tazama!" Akageuza uso upande ambao sikuwepo. Akanyoosha mkono akitafuta ubavu wa gari. Na wewe ukanitazama.

Kumbe tangu lini? Kumbe huo mkono unaotetemeka ni macho! Ule ugonjwa wake wa sukari ndio ulioyamaliza, na mimi miezi yote namcheka kwamba duka limempendeza. Nilimng'olea geti mtu asiyeona, Falis. Nilikimbia jikoni nikajifanya naangalia maziwa, nikang'ata kanga.

Na yule Koplo! Nilidhani nitakufa. Alikuwa akipita kwa miguu, akaona geti halipo na magari yamo ndani. Sijui alitaka kuuliza nini. Alipofika kwenye nguzo akasimama, maana miezi yote hii geti limemzoeza, na akasema kwa sauti, "Hodi?"

Baba yako akainua kichwa. "Huyo ni mgeni wa wapi anayepiga hodi kwenye thome?"

Uliniona nilivyomkazia macho yule polisi. Nilimkazia hivi kwamba kama macho yangeua, Kasikeu wangekuwa na matanga. Akamtazama baba yako, akautazama mkono wake kwenye bega lako, akazitazama nguzo zangu zenye nguo. Akasema, "Nimekosea, mzee. Nimekuja kunywa chai." Akaketi. Hakutoa kitabu chake. Wakazungumza habari za mbuzi na bei ya Mombasa mpaka nikasahau kumchukia.

Baba yako akala muthokoi, akavua viatu, akaswali pale pale pa zamani, Keinan akimwelekeza. Akaniuliza, "Kila kitu kiko kama kilivyokuwa?" Nikamwambia kiko. Akasema, "Naona." Neno hilo ndilo linaloniua.

Sijarudisha geti. Limelazwa nyuma ya jiko, kuku wanatagia chini yake. Jana madereva wawili wameandikiwa. Sijui nifanye nini. Nikilirudisha nitahisi nimemfungia nje. Usimwambie haya.

Ndinda


Kabati,
19 Desemba 1994

Kwa shemeji Ndinda.

Falis amenisomea barua uliyomwambia asinisomee. Nimemlea vibaya. Na ile ya gunia la sukari amenisomea pia, jana, baada ya kuona hakuna tena cha kuficha.

Haikuwa na jipya kwangu. Keinan aliniambia habari za geti wiki ileile mlipolifunga. Kijana huyo anajua kuendesha gari, kunyamaza hakufundishwa. Aliniambia ni la chuma, jeusi, na kwamba ukilifungua hutazami watu usoni. Nilijua kwa nini uliniandikia kwamba uwanja uko vilevile, na nilikushukuru. Mimi nilikuwa nakuficha macho, wewe unanificha geti, nikaona tumetoka sare.

Kwa hivyo njia nzima kutoka Kabati nilijiandaa. Nilisema, gari litasimama, Keinan atapiga honi, mnyororo utalia, na mimi nitaongea na Falis kwa sauti kubwa kuhusu mambo ya mbuzi ili ujue sijasikia. Tulipopita Kibwezi nikaanza kuhesabu kona kwa mwili wangu, maana hizo siwezi kuzisahau. Nikahisi gari limepunguza mwendo. Nikahisi magurudumu yameacha lami yameshika udongo. Nikaanza kuongea juu ya mbuzi.

Halikusimama.

Nilinyamaza katikati ya neno, muulize Falis. Tulikata kona tukaingia moja kwa moja, kama mwaka wa sitini na nane, kama miaka yote ile, nikasikia harufu ya moto wako, na nikajua umeling'oa. Ukaniambia tazama, shemeji. Mimi nilikuwa nimeshatazama. Hakuna kitu nimekiona vizuri hivyo tangu macho yalipoondoka.

Ulisema neno langu linakuua. Sikulisema kwa majonzi, niliona kweli.

Sasa nakuomba jingine, na hili ni la mwisho. Madereva wanaoandikiwa huko ni watoto wa watu, wanataka kulala, na yule Koplo naye ana mkubwa wake. Mwangangi hakukata ua kwa sababu alichukia ua. Aliukata kwa sababu kulikuwa na mtu amekwama. Leo waliokwama wanataka ufungwe. Mwite fundi wako, shemeji, lirudishe. Usione haya ukizungusha funguo, na usifikiri umenifungia nje.

Mimi nimeshaingia.

Muktar Bulle